Shimo Lisilojaa la Bwana Maji

Benchi letu la Kwemkuyu ni ubao mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya mawe mbele ya jiko la Mama Zakia, pale barabara inapogawanyika, moja ikipanda kuelekea Kwai na nyingine ikishuka Lushoto mjini. Mimi ni fundi cherehani na kibaraza changu kiko nyuma ya benchi hilo, kwa hiyo nasikia kila kitu, pamoja na yale ambayo mtu mwenye akili timamu asingependa kuyasikia. Wenye benchi ni watatu. Kuna mzee Nathanaeli, mwenyekiti wa kamati ya maji, tunamwita Bwana Maji, na jina hilo analipenda kuliko la ubatizo. Kuna Nassoro, yaani Redio Mbao, ambaye habari ikimfikia na miguu miwili, ikitoka kwake ina minne na mkia. Halafu kuna Selemani, Injinia, mkulima wa hoho na fundi wa mabomba ya kupigia dawa, ambaye kila jambo la dunia hii analieleza kwa vali na presha. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umelala barabarani, kahawa ilikuwa ya moto, na kijiji kizima kilikuwa kinangoja kitu kimoja tu: maji ya kijani yatatokea kwenye chemchemi ya nani.

Nieleze kidogo kwa asiye wa huku. Kwetu chemchemi inaheshimiwa. Sufuria yenye masizi haichovywi pale, sabuni haisogezwi, na mtu akikutwa anaosha bomba la dawa karibu na maji, siku hiyo ataitwa majina ambayo mama yake hakumpa. Kwa ajili ya heshima hiyohiyo, Bwana Maji aliwatafutia wakulima mahali pengine pa kuoshea mabomba, mbali kabisa, juu kwenye bega la mlima. Ni shimo katikati ya mawe. Ukimimina maji yanaingia na kupotea, shimo halijai wala halinuki. Alisifiwa sana kwa shimo lile, na sifa zenyewe alizipokea zote bila kubakiza. Sasa wiki iliyopita wakaja watafiti wa nchi nne, wakiongozwa na Daktari Esteria, mtoto wa milima hii hii, wakamwaga shimoni rangi ya kijani isiyodhuru mtu ili waone itatokea wapi. Kwenye mkutano wa kijiji Bwana Maji alisimama mbele yetu sote akasema, ikitokea kwenye chemchemi ya Kwemkuyu, yeye na uenyekiti basi.

Redio Mbao: Shikamoo, Bwana Maji. Kiti kinaendeleaje?

Bwana Maji: Marahaba. Kiti hakina neno. Nimetoka chemchemini alfajiri hii hii, na tochi mkononi. Maji meupe.

Injinia: Tochi ile ya kwako? Ile mzee hata wewe mwenyewe haikuoni.

Injinia alikuwa ametoka kupiga dawa hoho zake, bomba bado liko mgongoni, na alikaa ukingoni mwa benchi kwa sababu ya mzigo huo. Kwa kawaida hunywa kahawa kwanza, ndipo anapanda kwenda kuliosha.

Bwana Maji: Nimesema meupe. Na nilishawaambia toka mwanzo, maji ya lile shimo yanakwenda upande wa pili, msituni, kwa mbega. Mbega hawajaleta malalamiko kwenye kamati.

Redio Mbao: Umejuaje yanakwenda kwa mbega?

Bwana Maji: Siku nilipoliona lile shimo nilimimina ndoo, nikainama nikaweka sikio. Sauti ilielekea msituni.

Redio Mbao: Ulilisikiliza shimo!

Bwana Maji: Nililisikiliza. Kuna watu wanasikiliza redio, mimi nilisikiliza shimo. Na shimo halijawahi kunidanganya.

Mama Zakia akacheka huku anamimina. Huyu mama kahawa yake inafuatwa hata na watu wa Lushoto mjini, na akiulizwa siri yake husema ni maji ya Kwemkuyu, yeye anakaanga tu na kutwanga.

Redio Mbao: Sikilizeni niwape habari kamili. Mimi nimeambiwa na mtu anayempikia mtu anayewabebea vyombo hao watafiti. Lile shimo halina mwisho.

Injinia: Acha fiksi.

Redio Mbao: Halina mwisho! Hebu jiulize, yule Mbrazili kafuata nini huku? Kwao hakuna mashimo? Shimo letu limetobokea kwao, bwana. Watu wako nyumbani kwao wametulia, mara yanatoka maji yananuka dawa ya kabichi. Wakaulizana, kabichi ya nani hii? Ndio wakamtuma huyu aje aangalie.

Injinia: Na yule Mnepali?

Redio Mbao: Huko limechepuka.

Injinia: Mnorwe je?

Redio Mbao: Yule kafuata baridi. Kaisikia ya hapa, kajiona yuko kwao.

Bwana Maji: Nassoro, wewe siku moja utatuletea kesi na nchi ambayo hatujui hata ilipo.

Injinia: Basi ngojeni niwape ya kitaalamu, maana huyu anatupiga kamba. Mjerumani alikuwa na shamba pale Kwai, si ndiyo? Ng'ombe walikuwepo, maziwa yalikuwepo ya kumwaga. Barabara hakuna, gari hakuna. Maziwa yalifikaje Tanga?

Redio Mbao: Yalibebwa kichwani.

Injinia: Kichwani na presha ipi? Ni bomba! Mjerumani alipitisha bomba la maziwa chini ya mlima mpaka Tanga, na lile shimo ndio mdomo wake. Hawa wametia rangi wapate kujua kama vali bado inashika.

Bwana Maji: Maziwa yapite chini ya mlima mpaka Tanga? Si yangefika yameganda!

Injinia: Na jibini ilianzaje, mzee wangu? Hebu nijibu hilo.

Hapo hata mimi niliacha kushona. Si kwamba nilikuwa na jibu, ila nilitaka kumwona mtu aliyesema maneno hayo uso wake umekaaje. Ulikuwa umekaa vizuri tu. Hawa watu wana amani ya ajabu.

Mama Zakia: Nyinyi wanaume mlikuwepo mkutanoni au yalikuja makoti yenu? Daktari Esteria alieleza yote. Kule Nepali wanalima mboga milimani na kunywa chemchemi kama sisi. Yule wa Brazili aliona visima vya kwao vikiharibika taratibu, mpaka watu wanakuja kushtuka, imeshakuwa kazi kuvisafisha. Mnorwe ndiye mwenye mashine ya kuisoma rangi hata ikibaki kidogo kiasi gani. Maji yaliyo chini ya ardhi hakuna anayeyaona, kwa hiyo kila mmoja kaja na alichonacho, wanasaidiana kutafuta njia zake.

Redio Mbao: Ndio hivyo hivyo nilivyosema, ila mimi nilifupisha.

Mama Zakia: Tena wakafunga vifuko vya mkaa kwenye kila chemchemi. Mkaa ule unanasa rangi hata kama jicho halijaiona.

Bwana Maji alikuwa anapeleka kikombe mdomoni. Kikaishia njiani.

Bwana Maji: Vifuko vya nini?

Mama Zakia: Vya mkaa. Vidogo, vimefungwa kwa kamba.

Bwana Maji aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, taratibu, akatoa kitu kidogo kilicholowa, kimeshonwa kwa kitambaa cha matundu, kinaning'inia na kamba yake.

Bwana Maji: Kama hiki?

Nakwambia Redio Mbao alianguka kutoka kwenye benchi. Si kwamba alitaka kuanguka, alianguka kweli, miguu ikabaki juu ya ubao na mgongo uko chini, anacheka mpaka anakosa pumzi.

Redio Mbao: Watu wametoka nchi nne! Wamepanda ndege! Mwenyekiti kauweka utafiti mfukoni!

Bwana Maji: Nyamaza wewe! Nimefika chemchemini nakuta mkaa umefungwa kwenye jiwe, ndani ya maji. Mkaa! Sufuria yenye masizi tunaikataza, halafu mkaa wenyewe tuukaribishe? Nikautoa. Mwiko ni mwiko, hauangalii shahada ya mtu.

Injinia: Kwa hiyo mashine ya Mnorwe ingesomea nini? Koti lako?

Redio Mbao: Oneni mambo haya. Bila kifuko, kwetu hakuna ushahidi. Rangi itaonekana kwingine kote ila hapa. Kiti kimepona chenyewe!

Bwana Maji: Mimi sijamwibia mtu ushahidi, na sitaki kiti cha namna hiyo. Wakipita leo nawarudishia mkononi, nawaambia mimi ndiye niliyekitoa na kwa nini.

Alisema hivyo kwa hasira, na nikampenda kwa hasira ile. Mzee huyu ana majivuno ya kutosha wanaume watatu, lakini ujanja hana hata wa kumtosha mtoto.

Ndipo akatokea Sharifa. Huyu ni mke wa Ibrahimu, jirani yetu, ameletwa juzi tu kutoka Bulwa, kwenye mashamba ya chai, na hina ya harusi ilikuwa bado haijafifia mikononi. Akasimama pembeni ya jiko, akapiga goti kidogo.

Sharifa: Shikamooni.

Tukaitikia sote marahaba, na Redio Mbao akainuka kutoka chini akijifuta vumbi kana kwamba pale ndipo alipokuwa amekaa siku zote.

Mama Zakia: Karibu bibi harusi. Nikumiminie kahawa?

Sharifa: Ahsante mama, kahawa inanifanya moyo uende mbio. Nipatie maji tu, nimepanda kilima kwa haraka.

Mama Zakia akachukua glasi, akaisuuza, akainua dumu lake la njano akamimina. Wakati huo ukungu ulikuwa umeanza kuchanika, na jua likaingia benchini kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Sharifa aliinua glasi, akaitazama, hakunywa.

Sharifa: Mama, hii ni juisi ya nini?

Tukageuka wote. Maji yalikuwa ya kijani. Tena siyo kijani ya majani iliyopoa, ni ile inayowaka, kama jani changa la mgomba likipigwa na jua kwa nyuma.

Bwana Maji: Hiyo ni glasi. Glasi nyingine zina rangi.

Mama Zakia akamimina kwenye glasi nyingine. Kijani.

Bwana Maji: Basi ni dumu.

Mama Zakia akamimina kwenye bakuli jeupe la kashata. Kijani, na sasa ilizidi.

Bwana Maji: Ni jua hili. Jua la asubuhi lina mambo yake.

Injinia: Mama Zakia, haya maji umeyachota wapi?

Mama Zakia: Mimi nachota wapi siku zote? Chemchemini kwetu. Nilikwenda bado giza, nikarudi na ukungu wangu. Ndani ya dumu la njano ningeona nini?

Injinia alifunua birika akachungulia. Ilikuwa nyeusi kama kila siku. Akatazama kikombe chake, akakitazama cha Redio Mbao, wakatazamana wao kwa wao, kisha Redio Mbao akatoa ulimi.

Redio Mbao: Hebu nitazame. Umebadilika?

Injinia: Uko vilevile. Mrefu. Wangu je?

Redio Mbao: Una punje ya karanga.

Sharifa alijifunika mdomo kwa mtandio akacheka, na kicheko chake kikatuambukiza, mpaka mimi kwenye cherehani nikatoa ulimi wangu nikijaribu kuuona kwa macho yangu mwenyewe. Aliyekuwa hacheki ni mmoja. Bwana Maji alikuwa ameishika ile glasi ya kwanza kwa mikono miwili, anaitazama kwenye mwanga.

Bwana Maji: Nilitafuta mahali pa mbali. Nilipanda na magoti haya kutafuta mahali pa mbali na maji, ili watoto wasinywe dawa. Kumbe nimeipeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwao.

Nilimwonea huruma, na mimi si mtu wa huruma nyingi.

Injinia: Lakini mzee, rangi walisema haidhuru.

Bwana Maji: Rangi haidhuru, Selemani. Ila ilikopita rangi, ndiko ilikopita dawa ya kabichi na ya hoho zako, miaka yote hii. Tulikuwa hatuioni tu.

Redio Mbao: Usihuzunike, mwenyekiti. Ndio maana sisi wa Kwemkuyu hatuna viroboto.

Injinia: Na tumboni hakuna mnyoo hata mmoja.

Bwana Maji alijaribu kukasirika, ikashindikana. Mabega yakaanza kutikisika, akaiweka glasi chini akacheka kwa machozi, na machozi mengine sikuwa na hakika kama ni ya kicheko.

Bwana Maji: Haya. Nilisema mbele ya watu. Uenyekiti basi.

Mama Zakia: Utabaki papo hapo ulipo. Ukiondoka wewe nani atakwenda kuweka sikio shimoni? Na mimi nitafanya nini? Mteja akiniuliza siri ya kahawa yangu nimwambie sasa ni ipi?

Aliuliza kwa utani, lakini mkono wake ulikuwa unafunga kifuniko cha dumu, akakikaza sana, kisha akalisogeza dumu nyuma ya jiko, mbali na watu. Moto akauacha ufe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kahawa ya siku hiyo ndiyo imekwisha.

Sharifa alikuwa bado amesimama. Alikuwa anamtazama Injinia, au tuseme anatazama mgongo wa Injinia.

Sharifa: Samahani shemeji, mimi mgeni. Hilo bomba umeshaliosha?

Injinia: Bado. Nilikuwa namalizia kahawa halafu nipande kule shim...

Akaitazama ile glasi ya kijani.

Sharifa: Sasa utaliosha wapi?

Swali lenyewe ni hilo tu. Binti wa watu aliuliza kwa adabu zote, kwa sauti ya chini, na likatuangukia kama gunia.

Injinia: Si hapo kwenye mtaro wa barabara.

Sharifa: Mtaro huo unapita mlangoni kwetu, kwa Ibrahimu. Jana nimewaona bata wakinywa.

Injinia: Basi kule chini, kijitoni.

Mama Zakia: Watu wanaosha karoti pale. Karoti hizo zinakwenda Dar.

Redio Mbao: Ashuke zaidi, apite kijitoni.

Bwana Maji: Akipita kijitoni anawakuta watu wa bondeni. Na wao wana kamati, na mwenyekiti wao mkali kuliko mimi.

Injinia: Nitaoshea shambani kwangu kulekule.

Bwana Maji: Shamba lako liko juu ya shimo.

Injinia: Msituni basi!

Bwana Maji: Msituni ndiko maji yote yanakotoka.

Ikawa kila mahali panapotajwa, chini yake pana mtu. Nimezaliwa kwenye milima hii, nimezeekea hapa, na sikuwahi kufikiri kwamba popote ninapomwaga maji yangu machafu, namwagia kichwa cha mtu aliye chini yangu. Nilikumbuka ndoo zangu mwenyewe nikainamisha uso.

Injinia alilivua bomba lile polepole. Alitaka kuliweka chini, kisha akaona mdomo wake unadondosha, tone, halafu tone jingine, na mkono ukasita. Akalishika hewani. Mama Zakia akakimbilia kopo tupu la maziwa ya unga akalikinga chini ya mdomo wa bomba.

Injinia: Jamani, linanivunja mkono.

Redio Mbao: Usiliweke!

Injinia: Nisiliweke mpaka lini?

Bwana Maji alisimama, akavaa kofia, akaipangusa glasi ya kijani kwa nje na kuishika mkono mmoja, mkono wa pili akashika kile kifuko cha mkaa.

Bwana Maji: Twendeni kwa Daktari Esteria. Watafiti wamepanga ile nyumba ya chini ya kanisa. Tukawaonyeshe hii, halafu tukawaulize swali la bibi harusi.

Redio Mbao: Na wao wakiwa hawalijui jibu?

Bwana Maji: Basi hawataondoka kwenye mlima huu mpaka walijue. Na sisi tutakaa nao.

Tukashuka hivyo. Bwana Maji mbele na glasi yake ameiinua ili isimwagike, nyuma yake mimi na Injinia tumebeba bomba katikati yetu kama mgonjwa anayepelekwa zahanati, na pembeni Redio Mbao, ameinama, anatembea kwa kuchuchumaa na kopo chini ya mdomo wa bomba asipoteze hata tone. Watu walitoka majumbani. Akina mama waliokuwa wanapakia hoho kwenye gari waliacha kazi. Kila tuliyepishana naye alituuliza tunalipeleka wapi, na Redio Mbao, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kukosa la kusema, alilitazama kopo lake tu, akapita.